Siku 5 ziwani na mwenzako na mbwa: nendeni naye, ila mgawane zamu kwanza

Umeuliza kama ni busara wewe na mchumba wako kukodi nyumba kando ya ziwa kwa siku 5 pamoja na mbwa wenu wa mwaka mmoja na nusu, ambaye hajawahi kuogelea. Umesema mwenzako angependa mbwa abaki kwa ndugu yake ili nyinyi mpumzike, na wewe moyo wako unakataa.

Nitakujibu kwa yaliyonipata. Mimi na mume wangu tumekwenda ziwani na mbwa wetu mara 3. Safari ya kwanza iliishia kwa daktari wa mifugo siku ya pili tu, na wakati wa kurudi nyumbani hatukusemeshana njia nzima. Safari ya pili na ya tatu ni katika siku tulizopumzika vizuri kuliko zote tangu tuoane. Ziwa ni lile lile, mbwa yule yule, sisi wale wale. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza tulipanga nyumba tu. Mara zilizofuata tulipanga pia nani yuko na mbwa saa ngapi, na nani amepumzika. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, nendeni naye, lakini hilo la zamu lisuluhisheni kabla hamjafunga mizigo.

Nianze na kilichotupata, maana kinaweza kumpata yeyote na watu wengi wenye mbwa hawajawahi kukisikia.

Mbwa wetu anaitwa Madoa. Wakati ule alikuwa na miaka 3, mwenye nguvu, na kitu anachokipenda kuliko chakula ni mpira. Asubuhi ya siku ya pili tulikaa kwenye gati dogo la mbao mbele ya nyumba. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Mume wangu akawa anarusha mpira majini, Madoa anaruka, anaufuata, anaurudisha, anadai tena. Mimi nilikuwa na kitabu changu. Mume wangu anasema alidhani nikiona mbwa amechoka nitasema. Mimi nilidhani anayerusha ndiye anayehesabu. Ikapita karibu saa nzima.

Madoa alipotoka majini akatapika maji, mengi, bila chakula ndani yake. Nikamshika tumbo, limekaza kama ngoma. Nikasema ameyanywa kwa pupa, aachwe alale kidogo. Baada ya muda akajaribu kusimama, miguu ya nyuma ikapishana. Akatembea hatua chache kama mlevi, akagonga mguu wa meza, akabaki anakodolea macho ukutani huku udenda unamtoka. Nilipomwita hakugeuza kichwa. Hapo ndipo mume wangu alipombeba hadi kwenye gari, na hapo ndipo tulipogundua kwamba hakuna kati yetu aliyejua daktari wa mifugo wa karibu yuko wapi. Tukaanza kutafuta kwenye simu, mtandao unashika na kukatika.

Daktari alimpima damu na kutuambia sodiamu imeshuka sana. Alitueleza hivi: kila mbwa anapofungua kinywa kuudaka mpira unaoelea, maji yanaingia, na mbwa mwenye shauku hana muda wa kuyatema. Yakizidi kiasi ambacho figo zinaweza kuyatoa, chumvi ya kwenye damu inazimuka. Maji yanahamia ndani ya seli, seli za ubongo zinavimba, na fuvu halitanuki. Dalili zake ndizo zile tulizoziona: kutapika maji, tumbo kujaa, udenda, kuyumba, macho kama ya kioo. Zikiachwa zinafika kwenye degedege na kupoteza fahamu, na mbwa anaweza kufa siku hiyo hiyo. Alituonya pia tusije tukajaribu siku nyingine kumlisha chumvi nyumbani. Sodiamu inarudishwa polepole, kwa dripu na kwa kupima damu tena na tena, kwa sababu ikipandishwa haraka nayo inaudhuru ubongo.

Madoa alilala hapo usiku mmoja, akapona. Sisi tulilala kwenye nyumba nzuri ya ziwani tukiwa tumepeana migongo.

Sasa tunafanya hivi. Michezo ya majini haizidi dakika 10, halafu anatolewa nje, anafungwa kamba, anapumzika kwa muda kama huo au zaidi na kukojoa. Mpira wa duara tuliuacha nyumbani, kwa sababu unamlazimisha apanue kinywa. Tunatumia kitu chembamba na bapa kinachoelea, anakibana kwa meno na kinywa kimefumba karibu chote. Kama mbwa wako ni wa wale wanaong'ata mawimbi au wanaofukuza maji ya mpira wa kumwagilia bustani, hatari ni ile ile hata asipoogelea. Na namba ya daktari wa mifugo wa karibu na ile nyumba tunaiandika kwenye karatasi kabla ya kuondoka, pamoja na namba ya anayepokea wagonjwa usiku, na tunajua barabara ya kufika.

Ugomvi wetu ulikuwa huu. Mume wangu alisema, "Wewe ulikuwa umekaa pale pale unatazama." Mimi nikasema, "Wewe ndiye uliyekuwa unarusha." Wote tulikuwa tunasema kweli. Tulikuwa wawili, kila mmoja amemkabidhi mwenzake mbwa moyoni bila kumwambia. Na chini ya ugomvi huo kulikuwa na jambo jingine, ambalo nadhani ndilo linalomsumbua mchumba wako. Usiku ule mume wangu aliniambia kwamba tangu tufike hajanipata mzima hata mara moja. Akizungumza nami, jicho langu liko kwa mbwa. Tukikaa kula, nasimama kumwangalia mbwa. Alikuja ziwani kuwa na mimi, akawa na nusu yangu. Iliniuma kuisikia, lakini hakuwa ananionea.

Kwa hiyo kabla ya kubishana kama mbwa aende au abaki, muulize mwenzako anachokikosa ni nini hasa. Inawezekana hamchukii mbwa wala hachukii manyoya. Inawezekana anataka asubuhi 2 za kulala bila kuamshwa, au jioni moja ya kukaa na wewe bila wewe kuinuka. Hayo yanapangika hata mbwa akiwepo.

Sisi tulijipangia zamu, na tunazishika. Mimi huamka mapema, kwa hiyo kuanzia alfajiri mpaka baada ya kifungua kinywa mbwa ni wangu, mume wangu analala hata kama ni mpaka jua liko juu. Mchana ni zamu yake, mimi naogelea, nasoma, nalala. Jioni tunatembea wote watatu, mbwa akiwa kwenye kamba. Halafu kila siku kuna saa 2 ambazo mbwa yuko chumbani kwake na kitu cha kutafuna, na sisi tuko wawili tu. Kukabidhiana kunasemwa kwa mdomo: "Chukua mbwa." Mwenzako akijibu "Ninaye," zamu yako imekwisha. Kama hajajibu, bado ni wako.

Na aliye nje ya zamu haelekezi. Hii ndiyo sehemu iliyokuwa ngumu kwangu kuliko zote. Mume wangu akimwacha Madoa achimbe mchanga mpaka anageuka rangi, mimi sisemi kitu. Ni zamu yake, yeye ndiye atakayemwosha. Ninachoruhusiwa kusema ni kama kuna hatari. Baada ya siku 2 za kujizuia nilianza kuona kwamba mbwa akiwa na mume wangu peke yao ana tabia nisizozijua, anatulia zaidi kuliko akiwa na mimi. Nilifurahi sana kuliona hilo.

Kubalianeni pia maneno ya amri. Kama wewe unasema "njoo" na mwenzako anasema "hapa", mbwa wa mwaka mmoja na nusu akiwa mahali pageni penye harufu mpya elfu hatamsikiliza yeyote. Chagueni neno moja, mlizoeze nyumbani wiki kadhaa kabla, kila anapoitika mpeni kitu anachokipenda sana.

Kuhusu nyumba yenyewe. Usiridhike na maneno "wanyama wanaruhusiwa". Mwandikie mwenye nyumba au umpigie, na uulize mambo mahususi. Uzio unazunguka kiwanja chote, au unaishia ufukweni? Nyumba nyingi za ziwani uzio wake una pande 3 tu, upande wa nne ni maji, na mbwa anayejua kuogelea anazunguka mwisho wa uzio na kutokea kwa jirani. Urefu wake ni kiasi gani, na chini kuna mianya? Majirani wako karibu kiasi gani na wana mbwa? Mbwa anaruhusiwa kubaki peke yake ndani kwa muda mfupi? Wengine hawaruhusu kabisa, na ukishafika ndipo unagundua kwamba hamwezi kutoka nyinyi wawili hata mara moja.

Swali moja watu hulisahau, nami nakuomba usilisahau: kuna sumu ya panya iliyowekwa popote, ndani, stoo, chini ya gati au kwenye banda la mashua? Nyumba zinazokaa wazi kati ya mgeni na mgeni mara nyingi huwekewa. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na mbwa aliyeila anaweza kuonekana mzima kwa siku kadhaa kabla ya kuanza kuvuja damu ndani. Dawa yake ipo, ni vitamini K inayotolewa na daktari, lakini inahitaji kuanza mapema. Kwa hiyo tukifika, mmoja wetu anabaki na mbwa nje kwenye kamba, mwingine anapita kila chumba akiwa amepiga magoti, anaangalia chini ya makabati, nyuma ya jiko, chini ya ngazi. Hapo hapo anapiga picha za sofa, sakafu na milango, ili siku ya kuondoka kusiwe na ubishi kuhusu mikwaruzo ya zamani na pesa ya dhamana.

Baada ya hapo ndipo mbwa anaingizwa, bado akiwa kwenye kamba, chumba kimoja kimoja, bila haraka. Blanketi lake tunaliweka kwenye kona isiyo na mapito. Liwe ni lile analolalia nyumbani, na usilifue kabla ya safari. Harufu ile ndiyo inayomwambia kwamba hapa nako ni kwake. Chakula ni kile kile, saa zile zile. Safari na mahali pageni vinatosha kulivuruga tumbo lake, usimwongezee chakula kigeni.

Usiku wa kwanza msitarajie usingizi. Ziwa lina sauti zake: mawimbi yanagonga nguzo za gati, ndege wa usiku, vyura, mbao zinalia. Mbwa wetu alibweka usiku kucha safari ya kwanza, na mimi nikawa naamka kumkaripia, jambo lililomfanya aamini kwamba kweli kuna hatari. Siku hizi mmoja wetu analala jirani na blanketi lake usiku wa kwanza, anamgusa tu anapoinua kichwa. Usiku wa pili analala. Kwa mapumziko ya siku 5, nakushauri kabisa uuhesabu usiku wa kwanza kuwa si wa mapumziko, na umwambie mwenzako hivyo mapema.

Sasa maji. Kabla ya mbwa kuingia, simama uyatazame. Fanya hivyo kila asubuhi, maana ziwa la leo si la jana. Ninachokitafuta ni utando wa kijani au wa kijani-buluu juu ya maji, au maji yanayofanana na rangi iliyomwagika, au povu lenye rangi lililoganda ufukweni. Hizo zinaweza kuwa sayanobakteria, ambao watu huwaita mwani wa kijani-buluu. Huzaliana sana maji yanapokuwa ya vuguvugu, yametulia na yana mbolea nyingi iliyosombwa kutoka mashambani au majitaka. Baadhi yao hutoa sumu inayoshambulia ini, wengine sumu inayoshambulia neva, na kwa macho huwezi kutofautisha wenye sumu na wasio na sumu. Upepo huusukuma utando huo mpaka ufukweni, kwa hiyo ghuba iliyokuwa safi jana inaweza kuwa chafu leo, na pale pale penye kina kifupi anapopenda mbwa ndipo unapojikusanya.

Mbwa yuko hatarini kuliko sisi kwa sababu anayanywa maji, na akitoka anaramba manyoya yake. Dalili huanza ndani ya dakika chache au saa chache: kutapika, udenda, kulegea, kuyumba, kutetemeka, kupumua kwa shida. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo, daktari anapambana na dalili tu, na mbwa wengi hawaponi. Kwa hiyo ukitilia shaka, mbwa haingii, na siku hiyo mnatembea nchi kavu. Akiwa ameshaingia, mwoshe kwa maji safi ya bomba mara moja kabla hajajiramba, nawe uvae glavu, kisha daktari. Kuyachemsha maji hayo hakuondoi sumu.

Uliza pia wenyeji kuhusu ziwa lenyewe. Kama lina mamba au viboko, mbwa haendi ufukweni kabisa, hata kwenye kamba, hata kunywa, na mjadala unaishia hapo. Kama liko kwenye ukanda wenye kichocho, wewe na mwenzako ndio mnaopaswa kujihadhari zaidi: vijidudu vinavyotoka kwa konokono wa majini hupenya kwenye ngozi mtu akisimama tu kwenye maji yenye magugu. Na maji yaliyotuama pembeni mwa ziwa yanaweza kuwa na leptospira, bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, wanaomwambukiza mbwa na binadamu pia. Muulize daktari wa mifugo kuhusu chanjo yake wiki kadhaa kabla ya safari, siyo siku mbili kabla. Mpe na kinga ya kupe.

Mbwa wenu hajawahi kuogelea. Si kweli kwamba kila mbwa anajua tu. Wenye pua fupi, kifua kizito na miguu mifupi huzama upesi. Mnunulie jaketi la kuelea la mbwa, lenye mpini mgongoni wa kumnyanyulia, na mvalishe nyumbani kwanza alizoee. Usimtupe kutoka kwenye gati, hata kwa upendo, hata jaketi likiwa mwilini. Mbwa aliyetupwa mara moja anaweza kuyaogopa maji maisha yake yote, na atakuogopa na wewe ukiwa karibu na maji. Ingia wewe, simama maji yakifika magotini, mwite, msubiri. Siku ya kwanza akilowesha miguu tu, imetosha.

Ambacho hakifundishwi ni kutoka. Mbwa akianguka kutoka kwenye gati ataogelea kuelekea gati hilo hilo, atakwaruza mbao asiweze kupanda, mpaka achoke. Kwa hiyo kila siku tunamwonyesha Madoa mahali pa kutokea: tunamwingiza majini kwa kamba ndefu, tunageuka, tunamwongoza mpaka pale penye mteremko, tunamsifu akikanyaga nchi kavu. Mara kumi, ishirini. Sasa ukimwita kutoka popote majini anaelekea pale. Kamba hiyo ndefu isiwe na fundo la kunasa kwenye magogo, na usiizungushe mkononi.

Angalia na ndoana. Wavuvi huziacha kwenye gati na ufukweni, zikiwa na chambo chenye harufu, na kwa mbwa hicho ni chakula. Ndoana ikimwingia mdomoni usiivute, ina mwiba wa kurudi nyuma. Akiwa ameimeza na mshipi unaning'inia mdomoni, usiuvute mshipi na usiukate ukapotelea ndani. Mfunge kamba, atulie, mpeleke.

Akitoka majini mwoshe kwa maji safi, mkaushe, hasa masikio. Masikio yaliyolala hutunza unyevu, na unyevu ndio mwanzo wa maambukizi. Akianza kutikisa kichwa na kukwangua sikio siku ya tatu au ya nne, ujue. Ukiona mkia umelala kama kamba iliyolowa na hataki kuguswa pale unapoanzia, usishtuke sana. Msuli wa mkia unauma baada ya kuogelea sana, hasa kwenye maji baridi, na kwa kawaida hupona kwa siku chache za kupumzika. Daktari anaweza kumpa dawa ya maumivu iliyo ya mbwa. Dawa zenu za maumivu msimpe.

Taulo beba za kwako, nyingi, za zamani. Za mwenye nyumba si za mbwa. Na shuka moja kubwa la kufunika sofa.

Mkitoka kwa gari, msimwache ndani hata kivulini, hata dirisha likiwa na upenyo. Nje kukiwa na nyuzi 24, ndani ya gari lililokaa juani hufika karibu 34 kwa dakika 10 tu, na linaendelea kupanda. Kama mahali mnapokwenda haruhusiwi, abaki nyumbani. Lakini kumwacha nyumbani kunaandaliwa: siku ya pili mnatoka dakika 5 mkasimama nyuma ya ukuta mkisikiliza, kisha 15, kisha nusu saa. Kama halii, siku ya tatu au ya nne mnaweza kwenda kula mahali wawili tu. Mlango wa kwenda ziwani ufungwe kwa ufunguo. Madoa alijifunza kuukanyaga mkono wa kitasa kwa siku moja.

Umeuliza pia kama kuna hali ambayo ungemwacha. Ipo. Mbwa anayeogopa watu wageni mpaka anang'ata, mbwa mzee au mgonjwa asiyestahimili safari ndefu ya gari, mbwa jike aliye kwenye joto la kutafuta dume, hao wabaki kwa mtu wanayemfahamu. Na kama mchumba wako, baada ya kumsikiliza vizuri, bado anasema anazihitaji siku hizi 5 muwe wawili tu, mwache mbwa kwa ndugu yake safari hii, na mpange nyingine ya siku chache pamoja naye. Nasema hivyo ingawa nampenda mbwa wangu sana. Safari yetu ya kwanza nilimlazimisha mume wangu, akaja amenuna, na nadhani hata ule urushaji wa mpira kwa saa nzima ulikuwa njia yake ya kujaribu kuniridhisha.

Safari ya tatu, jioni ya mwisho, nilimkuta amekaa kwenye gati na Madoa amelaza kichwa kwenye mguu wake, wote wawili wakavu, wanatazama maji. Ilikuwa zamu yangu kumchukua. Nikasema, "Nipe mbwa." Akaniambia, "Kaa."

Anza na yale maswali kwa mwenye nyumba, hasa la uzio upande wa maji na la sumu ya panya. Akikujibu, andika hapa alivyosema, na uniambie mbwa wenu ni wa aina gani na ana uzito gani, nikusaidie kuhusu jaketi.